Mkate Uliopitisha Mita

Kama hukuwa nami Jumapili iliyopita, si neno, nitakushika mkono twende pamoja. Mimi ni Mama Joan, mjane wa Wanyoike, wa huku Ndabibi. Nimekwisha kukusimulia jinsi kifua kilivyomchukua mume wangu, jinsi ng'ombe wangu wa pekee alivyovimba tumbo akafa siku ya Pasaka, na jinsi mradi wetu wa maji ulivyotuletea mita, kila boma na yake, baada ya miaka thelathini ya kulipa sawa, unywe kikombe au unyweshe ekari.

Tuliachana asubuhi ile nilipokuta vioo vya mita tisa vimepondwa kwa mawe, changu kikiwa cha tisa, na Kimeli, karani wa mradi, ameitwa na chifu aeleze kwa nini alighushi majina ya watu.

Sasa sikiliza. Kimeli hakughushi jina hata moja. Ni mimi.

Nitaeleza, na sitajitetea sana. Nimechoka kujitetea peke yangu jikoni.

Mkutano wa kupitisha mita ulikuwa siku ya Alhamisi. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa tuko kumi na wawili. Siku hiyo kumi na mmoja walipanda lori alfajiri kwenda Olenguruone kumzika Kipngeno, kaka yake Chepkemei. Mimi, kwa sababu ya goti langu, niliachwa nyuma nikamue ng'ombe wao na kufungulia kuku wao.

Mwandishi wa kikundi ni mimi. Nilifika darasa la saba tu, lakini mkono wangu unasomeka. Na katika daftari letu tuna desturi yetu: mama aliyekwenda msibani huandikwa kwamba amehudhuria. Hatuandiki hayupo. Yuko kwa kazi yetu, basi yupo. Nimeandika hivyo miaka kumi na minne na hakuna mchungaji aliyewahi kunikosoa.

Kwa hiyo karatasi ya majina iliponifikia pale mkutanoni, na kila aliyeandikwa alikuwa akipewa mkate na soda, mkono haukusita. Nilitoa daftari kwa mkoba, nikanakili majina yao kumi na moja na namba za vitambulisho, na mbele ya kila jina nikachora sahihi. Niliwafikiria wakirudi jioni na matope ya milima ya Mau kwa viatu, njaa imewakausha.

Mikate kumi na miwili niliibeba kwa gunia. Kimeli mwenyewe alinisaidia kulifunga mdomo.

Sikujua katiba ya mradi inasema nini. Wanachama tuko mia moja na kumi na wawili, na ili jambo lipite ni lazima waliofika wazidi nusu. Karatasi ilikuwa na majina sitini. Toa yangu kumi na moja, wanabaki arobaini na tisa. Bila gunia langu la mkate, mita hazingepita.

Hilo nililijua baadaye, kama watu wote. Ndipo nikanyamaza.

Jumatatu ya wiki hii Chepkemei alikuja kwangu. Huyu tumeomba pamoja tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Mimi humwita Mama Chesang.

"Mama Joan, uko?"

"Niko. Karibu, chai iko kwa thamosi."

"Leo chai haitapita hapa," akasema, akijishika koo. "Vaa miwani."

Alinipa simu. Kulikuwa na picha ya ile karatasi ya majina. Ndegwa alikuwa ameitafuta kwa kamati hadi akaipata, akaisambaza kwa kila mtu. Ndegwa ndiye mwenye vitunguu kule juu karibu na tangi, na ndiye anayeongoza wasiotaka mita.

"Angalia namba ishirini na tatu. Huyo ni nani?"

Nikavaa miwani, ingawa sikuihitaji.

"Ni wewe."

"Siku hiyo nilikuwa wapi?"

"Olenguruone."

"Nikifanya nini?"

"Ukimzika Kipngeno."

"Nikimzika ndugu yangu. Niko na mchanga kwa mkono, na huku mtu ananiketisha kwa mkutano wa maji. Huyo Kimeli hajawahi kufiwa?"

"Pengine hakuwa na nia mbaya, yeyote aliyeandika."

"Wewe nawe. Hata fisi akikula mbuzi wako utamwombea asivimbiwe." Akavuta stuli akaketi. "Toa kalamu. Tunaandikia chifu barua, na wote wamesema uandike wewe. Mkono wako ndio mzuri."

Niliandika. Niliketi kwenye meza ya marehemu mume wangu, nikamshtaki Kimeli kwa kosa langu, ukurasa mmoja na nusu. Na hili ndilo linaloniumiza nikilikumbuka: niliandika kwa herufi kubwa mwanzo hadi mwisho, mtu asije akaiweka barua hiyo kando ya ile karatasi.

"Mbona herufi kubwa?" Chepkemei akauliza.

"Chifu haoni vizuri."

"Hapo umefikiria," akasema, na sasa akamimina chai.

Utaniuliza, Mama Joan, ulikuwa unaogopa nini? Kusema kweli ni dakika moja tu.

Niliogopa wale kumi na mmoja. Binti yangu Joan aliolewa mbali, Wanyoike yuko chini ya mti wa mkakaya, na mtu akinigongea mlango ni mmoja wao. Wakinitoa kwa kikundi, mimi nitabaki na redio.

Lakini kuna lingine, na hili sijalisema hata kwa maombi ya faragha. Nilizitaka mita.

Nyumba yangu iko mwisho kabisa wa bomba. Miaka yote wale wa juu wakifungulia vitunguu na kabichi, mfereji wangu ulikuwa unakohoa tu. Nilikuwa nafuata maji kwa punda wa kuazima. Mita zilipofungwa, siku ya kwanza bomba likapiga kelele. Siku ya pili likatoa kutu. Siku ya tatu maji yakaja, meupe, saa sita mchana, nikasimama na sufuria mkononi bila kujua nipike nini.

Nilioga mchana kama bibi harusi.

Lakini hayo huwezi kuyasema huku. Ukipita kwa mashine ya kusaga posho utasikia wenyewe.

"Tulichimba hii mitaro na jembe, leo tunapimiwa maji kama dawa ya kikohozi."

"Ile kitu inahesabu hata upepo. Yangu ilizunguka siku nzima na hakuna tone."

"Mimi yangu nimeifunika na gunia. Haioni, haihesabu."

"Maji ni ya Mungu, bwana."

"Na bomba ni la nani?" akauliza mzee mmoja wa huku chini.

Walimwangalia wote mpaka akachukua unga wake haujapoa akaenda.

Mimi nilikuwa kwenye foleni. Wanyoike ndiye aliyepiga jembe la kwanza kwa mtaro huo. Ningefungua mdomo, wangenikumbusha yeye.

Jumanne mchana Kimeli alikuja. Nilimfundisha huyu Sunday school akiwa na meno mawili ya mbele hayapo. Sasa ana mke, Emmy, na mtoto anayetambaa. Alisimama langoni kama mtu aliyeleta habari za hospitali.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Ingia, usisimame juani."

Hakuingia. "Nimesikia kuna barua."

"Iko."

"Imeandikwa vizuri, wanasema. Herufi kubwa."

Nikamwangalia. Naye akaangalia kuku.

"Mimi ndiye nilifunga lile gunia, Mama. Niliihesabu mikate."

Nikaketi kwa ngazi.

"Wiki tatu hizi zote unajua. Kwa nini hujasema?"

"Niseme nini? Kwamba Mama Joan wa kanisa aliandika watu walioko mazikoni? Hata wakiamini, watakufanya nini, watakufunga? Watakutoa kwa kikundi. Mimi nitapata kazi ingine. Wewe utapata wapi akina mama wengine?"

"Una mtoto, Kimeli."

"Nikisema nilikosea kuandika, watanifukuza, yaishe. Mita zitatolewa, wewe utabaki. Nimekuja kukuomba unyamaze tu."

"Na ikiwa haitaisha kwa kufukuzwa? Ndegwa anataka polisi."

Alivuta kofia mbele.

"Emmy anakusalimia," akasema. "Anasema mtoto hajaharisha tangu maji yaanze kufika."

Akaenda zake. Nilipiga magoti na sikumaliza kuomba. Kila nikitaka kusema nisamehe, nilikuwa naona kofia ile.

Basi Jumatano, siku ya baraza, nilimngoja Chepkemei njia panda. Alikuja amevaa leso yake ya kanisa na koti zito, kwa maana upepo wa huku asubuhi hauna adabu.

"Mama Chesang, simama kidogo."

"Tutachelewa. Nataka kuketi mbele nimwone uso."

"Namba ishirini na tatu ni mimi."

"Wewe ni ishirini na mbili. Nimekuona."

"Ishirini na mbili ni mimi. Ishirini na tatu pia ni mimi. Mpaka thelathini na tatu."

Alinitazama kama unavyomtazama ng'ombe wako mpole aliyekupiga teke. Hana hasira, anatafuta tu ni wapi pameuma.

"Ule mkate," akasema.

"Ndio ule."

"Ulisema ni wa kanisa."

"Sikusema. Ulidhani, nami nikaacha udhani."

"Na barua nikakwambia uandike wewe."

"Ndiyo."

"Na chifu haoni vizuri."



Akaanza kutembea. Sikuweza kumfikia, na hakugeuka. Alinitangulia hatua ishirini, kisha arobaini, na nilipofika kwa chifu nilimkuta ameketi katikati ya wale kumi, vichwa vimekaribiana. Waliponiona, hakuna aliyenisogezea nafasi. Nikajua kwamba kikundi changu kimeisha. Nikachukua nafasi mwisho wa benchi la wageni.

Kimeli alisimamishwa mbele. Askari wawili walikuwa wameegemea gari lao, mmoja anakula njugu.

Ndegwa alizungumza kwanza, na sitaki umwone kama mtu mbaya. Ana sauti ya upole.

"Mimi nina watoto wanne shuleni," akasema. "Wote wanasomeshwa na vitunguu. Kama wanachama kweli walikaa wakapitisha mita, nitavua kofia nikubali. Lakini kama tulipitishiwa na watu ambao hawakuwepo, basi hiyo si kupitisha, ni kuibiwa. Chifu, nataka huyu kijana atuambie hawa kina mama walitoka wapi."

Watu wakanguruma. Mmoja akasema, "Peleka yeye polisi Naivasha akaelezee huko." Wale askari wakasimama wima.

Kimeli akafungua mdomo. Nami nikasimama.

"Chifu, naomba nafasi."

"Mama Joan, ngoja," chifu akasema bila kunitazama. "Tuanze na wenyewe. Namba ishirini na tatu, Chepkemei. Yuko?"

Chepkemei akasimama. Akapanga leso yake. Nilifumba macho, kwa sababu nilitaka kutajwa nikiwa sioni nyuso.

"Hiyo sahihi si yako, sivyo?" chifu akauliza.

"Ni yangu."

Nikafumbua macho.

"Rudia, mama."

"Nimesema ni yangu. Niliiweka mimi."

Ndegwa alikuja mbele polepole. "Mama Chesang, ulikuwa Olenguruone. Lori lililowabeba ni langu. Sikuwatoza hata mafuta, kwa sababu ya msiba wako."

"Na nilikushukuru."

"Sasa unataka kusema hukumzika ndugu yako?"

"Nasema hivyo."

"Mbele ya watu?"

"Watu si ndio hawa."

Hata mwenye njugu hakutafuna. Huyo ni mwanamke aliyetangulia kwenye kaburi la kaka yake, amesema mbele ya kata nzima kwamba hakufika. Kwao jambo hilo halisahauliki. Watoto wake wataulizwa.

"Na barua?" chifu akauliza, akiiinua. "Hapa umesema hukuwepo."

"Nilikuwa na hasira ya msiba. Mtu akifiwa hata siku anazichanganya. Itupeni."

Kisha akageuka akawaangalia wenzake. Wangui akasimama. "Yangu pia ni yangu." Wamuyu, ambaye hawezi kusimama haraka, akasimama. Wakasimama wote, mmoja mmoja, wanawake waliovaa leso za kanisa, wakisema uongo mchana kweupe kwa sauti ya kusalimia.

Walipoketi, Chepkemei hakurudi mahali pake. Alikuja akajibana nami kwenye benchi la wageni.

"Nilikula ule mkate wote," akaniambia kwa sauti ya chini, macho mbele. "Hata Chesang sikumwachia. Wewe nyamaza."

"Mama Chesang, huu ni uongo. Na Kipngeno je?"

"Kipngeno amekufa, haoni haya. Sisi tuko hai na maji yanafika. Nyamaza, nimekwambia."

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa na dhambi moja ya kuungama. Sasa zilikuwa kumi na mbili, na kumi na moja zilikuwa zimetendwa kwa kunipenda.

Chifu alikuwa anakunja karatasi zake. Kimeli alivua kofia akajipangusa uso. Ilionekana imekwisha.

"Chifu," akasema Ndegwa. "Dakika moja tu."

"Ndegwa, umesikia wenyewe. Wanasema walikuwepo."

"Nimesikia. Sitabishana na kina mama kumi na mmoja, nitalala nje." Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Dereva wangu yuko, lakini mtasema ni mtu wangu. Sawa. Mimi namtaka mtu ambaye si wangu. Katika kikundi hiki kuna mama mmoja ambaye hakupanda lori. Alikaa mkutanoni tangu maombi ya kufungua hadi ya kufunga. Na hapa Ndabibi hakuna mtu, wa juu wala wa chini, amewahi kumsikia akisema uongo. Akisema walikuwepo, mimi nakubali mita leo, na wenzangu wote wa juu wanakubali. Akisema hawakuwepo, hiyo karatasi ichanwe, na wale wote waliodanganya serikali hapa waandikwe majina."

Hakutaja jina. Hakuhitaji. Vichwa viligeuka kama mahindi yakipigwa na upepo, vyote upande wangu.

"Mama Joan," akasema chifu. "Si ulitaka nafasi?"

Nilikwenda mbele. Goti lilinisumbua na hakuna aliyeniharakisha. Karani wa chifu alitoa Biblia kwenye droo, ile wanayoapia wenye kesi za mipaka, akaiweka juu ya meza na kuisogeza kwangu kwa kidole.

Miaka yangu yote nimeisoma hiyo Biblia. Sijawahi kuiapia.

Nikaweka mkono. Jalada lilikuwa baridi. Kimeli alikuwa anaangalia viatu vyake na kutikisa kichwa taratibu, usiseme, usiseme. Nyuma yangu nilisikia Chepkemei akikohoa, kikohozi ninachokijua, cha kuniambia katika maombi kwamba nimerefusha.

"Siku ya mkutano," chifu akauliza, "hawa kina mama kumi na mmoja ulikaa nao pale? Ndiyo au la."

"Chifu," nikasema, "uliza tena, polepole."

Akauliza tena, polepole, neno kwa neno. Na mkono wangu ulikuwa bado juu ya jalada.